Siku Nne katika Milima ya Irangi: Homa Inayomfuata Msafiri Hadi Nyumbani

Kipimo cha haraka kimeonyesha kuwa hakuna malaria. Mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la zahanati mjini Dodoma ana homa kali, anatetemeka, kichwa kinamgonga na viungo vyote vinamuuma. Anapewa dawa ya kushusha homa na kuambiwa arudi iwapo hali haitabadilika. Siku ya tatu homa inakatika kwa jasho jingi, naye anajiona amepona. Baada ya juma moja homa inarudi kama ilivyoanza, na safari hii amedhoofika zaidi. Katika mahudhurio yote mawili hakuna aliyemwuliza swali fupi ambalo lingempunguzia mateso: katika majuma mawili yaliyopita, ulilala wapi?

Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini njia aliyoipita ni ya kweli, na ugonjwa wake umejulikana katika uwanda wa kati wa Tanzania kwa zaidi ya karne moja. Makala haya yanamfuata tangu alipofunga mzigo wake kwenda kutembea milimani hadi aliporudi na homa. Yanalenga kumsaidia anayepanga safari kama hiyo, anayempokea mgonjwa baada ya safari, na zaidi ya hao, mwenyeji anayebaki kijijini msafiri akishaondoka.

Nchi ya milima na watu wake

Anayetoka Dodoma kuelekea Babati huiacha nchi tambarare ya Wagogo, iliyo katika kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baada ya mji wa Kondoa huanza kuona milima ya Irangi ikijipanga upande wa mashariki. Kijiji cha Kolo kiko kando ya barabara hiyo, takriban kilomita 180 kutoka Dodoma. Hapo ndipo ilipo ofisi ya Mambo ya Kale, ambako mgeni hupata kibali na mwongozaji kabla ya kupanda kwenda kuitazama michoro ya miambani. Mwaka 1951 mtafiti Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na lina mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro.

Mahali hapa si makumbusho yaliyokufa. Katika eneo la Mungomi wa Kolo wenyeji bado hufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Kwa sababu hiyo mwongozaji mwenye adabu humwomba mgeni ashushe sauti, asiguse mwamba, wala asimwagie maji michoro ili rangi zionekane vizuri kwenye picha.

Kutoka Kolo, mwenye miguu na muda anaweza kuendelea kwa siku kadhaa kupitia upande wa Pahi na Masange hadi Haubi, penye ziwa dogo ambalo kina chake hufuata wingi wa mvua. Hivi ni vijiji vya Warangi, wakulima na wafugaji ambao lugha yao ni ya Kibantu. Upande wa magharibi wanaishi Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko zisizopatikana katika Kirangi wala Kigogo, na kusini mwa Warangi wako Waburunge. Makorongo mekundu anayoyaona msafiri njiani ni kumbukumbu ya mmomonyoko mkubwa wa udongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili nyasi na miti irudi. Uamuzi huo uliponya ardhi, lakini pia uliziondolea kaya nyingi maziwa na samadi kwa miaka kadhaa. Anayepita leo katikati ya vichaka vilivyostawi anatembea juu ya gharama iliyolipwa na wazazi wa wenyeji wake.

Mwili unapotembea

Siku ya kwanza na ya pili ndizo zinazomfichua msafiri asiyejiandaa. Msimu unaofaa kwa matembezi ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na hewa ya uwanda wa kati wakati huo ni kavu mno. Jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu hudhani hajapoteza maji. Dalili za mwanzo za upungufu wa maji ni mkojo mchache wenye rangi ya chai, kichwa kuuma na hasira isiyo na sababu. Msafiri asisubiri kiu. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, na awe na pakiti za ORS mzigoni. Maji ya kisima kisichofunikwa au ya korongo yachemshwe au yatiwe dawa. Kuoga au kuvuka maji yaliyotuama pia si jambo la kupuuza, kwa kuwa kichocho hupatikana katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Mwenye shinikizo la damu hana sababu ya kukatazwa kutembea ikiwa ugonjwa wake umedhibitiwa. Hatari yake iko katika mambo mawili. La kwanza ni kuacha dawa kwa siku nne kwa kuwa zilisahaulika nyumbani au ziliwekwa kwenye mzigo uliotangulia. La pili ni kuendelea kumeza dawa ya kuongeza mkojo huku akiharisha au kutapika. Hali hiyo inaweza kuziumiza figo, na inafaa aelekezwe na daktari mapema nini afanye ikimtokea.

Mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji mpango wa kina zaidi. Misuli inayotembea kutwa hutumia sukari nyingi, na sukari inaweza kushuka usiku, saa kadhaa baada ya mwendo kwisha. Kipimo chake cha insulini kijadiliwe na mtaalamu kabla ya safari, naye mwenyewe asikose tende, asali au sukari mfukoni. Insulini isikae kwenye mfuko ulio juani. Pasipo na jokofu, chungu cha udongo kilicholowanishwa na kuwekwa kivulini huipunguzia joto, ufundi uleule ambao bibi zetu wameutumia miaka yote kupooza maji ya kunywa. Miguu yake ikaguliwe kila jioni, hata kati ya vidole, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyoathirika haimwambii mtu kwamba kiatu kimemchubua.

Hofu ya kimo

Wengi wakisikia safari ya milimani hufikiria kwanza ugonjwa wa kimo. Hofu hiyo ina msingi, ila haihusu milima hii. Ugonjwa wa kimo huanza kuonekana kwa kawaida kuanzia mita 2,500 na kuendelea, na vijiji vya Irangi viko chini ya kiwango hicho. Hali hubadilika kwa msafiri anayeendelea kaskazini-magharibi hadi mkoani Manyara kuupanda mlima Hanang, ambao kilele chake kina takriban mita 3,400. Huko maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida visichukuliwe kuwa ni uvivu. Anayeanza kupepesuka kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja bila kusubiri kupambazuke. Mwenye selimundu asipande kimo kama hicho bila ushauri wa daktari, kwa kuwa upungufu wa oksijeni unaweza kuzifanya chembe zake nyekundu zijikunje na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, na ambaye kwa kawaida haugui, anaweza kupatwa na maumivu makali ya wengu katika kimo kikubwa.

Kimo hichohicho cha kilele cha Hanang ndicho kimo cha mji wa Cusco nchini Peru, ambako Waquechua huzaliwa, hulima viazi, hufuga llama na kuzeeka. Wageni wanaotembea siku kadhaa kupitia vijiji vyao huumwa vichwa na kushindwa kulala, ilhali wenyeji wanapanda miteremko wakiwa wamebeba mizigo. Miili ya watu wa Andes ina himoglobini nyingi zaidi kuliko ya watu wa mabondeni, matokeo ya vizazi vingi vya kuishi juu. Hata hivyo mazoea hayo yana mpaka: mwaka 1925 daktari Carlos Monge wa Peru alieleza ugonjwa sugu wa milimani, ambao damu ya mwenyeji huwa nzito kupita kiasi na kumletea madhara.

Somo la Andes linatufaa hata sisi tusio na milima ya kimo hicho. Mgeni na mwenyeji wanaweza kulala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, mmoja akaugua na mwingine asiugue, kwa sababu mwili wa mwenyeji umekwisha kukutana na kile ambacho mwili wa mgeni haukijui. Katika Andes kitu hicho ni hewa nyembamba. Katika uwanda wetu wa kati, kimojawapo ni mdudu mdogo anayeishi ufani.

Usiku ndani ya tembe

Tembe ni nyumba ya busara. Nguzo na fito hukandikwa udongo, na paa bapa hufunikwa udongo pia, kiasi kwamba ndani huwa baridi mchana na vuguvugu usiku. Wagogo, Warangi na Wasandawe wameishi katika nyumba za namna hii kwa vizazi, na hakuna sababu ya mgeni kuzidharau. Akikaribishwa, hupewa ugali wa mtama au uwele, mlenda na maziwa, kisha hutandikiwa pahali pa kulala.

Katika nyufa za kuta na sakafu ya udongo ndimo anamoweza kujificha papasi. Huyu ni jamaa wa kupe, lakini tabia zake ni tofauti. Kupe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa na huonekana. Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, mara nyingi bila kumwamsha aliyelala, kisha hurudi ufani kabla hakujakucha. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Akiwa na bakteria aitwaye Borrelia duttonii, humwambukiza mtu kwa mate yake au kwa majimaji anayoyatoa wakati wa kunyonya. Ugonjwa unaotokea huitwa homa ya papasi.

Ugonjwa huu umefungamana na historia ya safari za miguu katika nchi hii. Misafara iliyopita uwanda wa kati kati ya pwani na maziwa makuu ililala katika kambi zilezile usiku baada ya usiku, na papasi walipata riziki humo. Mwaka 1905 Robert Koch, mtafiti wa Kijerumani, aliwachunguza papasi katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, akaonyesha kuwa vimelea hupita kutoka kwa papasi jike hadi kwenye mayai yake; kwa hiyo nyumba inaweza kubaki na maambukizi hata pasipo na mgonjwa ndani yake. Wakati huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakithibitisha jambo kama hilo huko Kongo. Dutton aliambukizwa akiwa kazini na akafariki mwaka huohuo; jina la bakteria huyu linatokana na jina lake.

Dalili huanza kwa kawaida baada ya juma moja hivi, wakati msafiri amekwisha kurudi kazini na ameanza kuisahau njia. Homa hupanda ghafla, huambatana na baridi kali, maumivu ya kichwa, misuli na viungo, na pengine kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa ya manjano au damu kutoka puani. Baada ya siku chache hukatika, mgonjwa hupata nafuu kwa takriban juma moja, kisha hurudi. Sababu ni kwamba bakteria huyu hubadilisha vazi lake la nje: kinga ya mwili inapomaliza kizazi kimoja, kingine huibuka kikiwa na sura ambayo kinga haijaijua.

Kipimo kisichoona

Zamani, mgonjwa wa homa alitobolewa kidole na tone la damu likatazamwa kwa hadubini ili kutafuta malaria. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa makini alikutana na homa ya papasi bila kuitafuta, kwa kuwa bakteria wake, wenye umbo la uzi uliojisokota, huonekana katika slaidi ileile wakati homa iko juu. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha mengi na kimefika hadi kwenye zahanati zisizo na umeme. Lakini hutafuta protini ya malaria peke yake. Kikisema hakuna malaria, kimejibu swali moja tu.

Kwa mtoa huduma, jibu hasi kwa mtu mwenye homa kali linapaswa kuwa mwanzo wa mazungumzo. Amwulize mgonjwa alikolala, kama ni kwenye sakafu ya udongo, kama kuna wenzake wa safari waliougua, na kama homa hii ni ya kwanza au imerudi. Aulize pia kama alikunywa maziwa mabichi, kwani bruselosi nayo huleta homa za kupanda na kushuka, na taifodi isisahaulike. Kisha aombe slaidi ya damu ichukuliwe mgonjwa akiwa na homa, si wakati wa nafuu, na amwandikie mtaalamu wa maabara kile anachokishuku. Anayetafuta vimelea vya malaria pekee anaweza kuwapita bakteria hawa machoni.

Tiba ipo, ni ya bei nafuu, na haijafichika. Doksisaiklini au tetrasaiklini hutumika kwa watu wazima. Kwa wajawazito na watoto wadogo huchaguliwa eritromaisini au penisilini, kwa kipimo kilichomo katika mwongozo wa matibabu. Jambo moja lazima likumbukwe: katika saa za mwanzo baada ya dozi ya kwanza, bakteria wengi wanapokufa kwa pamoja, mgonjwa anaweza kutetemeka sana, homa ikapanda na shinikizo la damu likashuka. Hali hii huitwa mmenyuko wa Jarisch-Herxheimer. Si mzio wa dawa, wala si sababu ya kuacha tiba. Inafaa mgonjwa abaki chini ya uangalizi katika saa hizo.

Wanaobaki kijijini

Msafiri akitibiwa hupona na kubaki na masimulizi. Kwa familia iliyomkaribisha, usiku uleule hurudiwa mwaka mzima. Mtu mzima aliyekulia mahali penye papasi hujijengea kinga ya kiasi, na ndiyo maana mwenyeji anaweza kuamka mzima pale mgeni alipoambukizwa. Kinga hiyo haiwafikii wote. Mtoto mdogo bado hajaipata, na mjamzito huathirika vibaya kuliko wengine: homa ya papasi inaweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati, au kumwambukiza mtoto, ambaye anaweza kufa siku chache baada ya kuzaliwa. Eneo la Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma, limechangia sana kuufahamu ugonjwa huu. Tafiti zilizofanyika huko ziliwakuta bakteria wa jamii hii hata katika kuku na nguruwe wanaofugwa karibu na nyumba.

Hivyo mjamzito anayefika kliniki akiwa na homa na kipimo hasi cha malaria hastahili kurudishwa nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu peke yake. Asipoulizwa kuhusu nyumba anamolala, mimba ikaharibika, kijijini huenda likatafutwa kosa lake au la jirani yake, na papasi akabaki ufani akisubiri mimba inayofuata. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayeijua nyumba hiyo. Anaweza kushauri nyufa zizibwe na kukandikwa upya, sakafu isakafiwe pale uwezo unaporuhusu, kuku na mifugo walale nje, na mama na mtoto walale juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, chini ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri.

Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Anayetaka kuitembea milima ya Irangi asiogope kwenda. Mapato ya wageni huwasaidia waongozaji na akina mama wanaopika, na matembezi yenyewe ni dawa njema kwa moyo na akili. Ni vyema afike kwa daktari wake majuma mawili hadi manne kabla ya safari, abebe dawa zake mwilini na si kwenye mzigo, ajitambulishe ofisi ya kijiji anapofika, na aombe kulala kwenye kitanda au ndani ya hema lenye sakafu iliyoshonwa. Maziwa ayaombe yaliyochemshwa. Hakuna mwenyeji atakayeona vibaya akiombwa kwa heshima.

Akirudi, aandike mahali alipolala kila usiku na aihifadhi karatasi hiyo kwa mwezi mzima. Homa ikimpata, aitoe kabla hajaulizwa. Na ikithibitika kuwa ni homa ya papasi, habari isiishie kwake: kituo kilichomtibu kitoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya aliyotembelea, ili zahanati iliyo karibu na kijiji kile ianze kuchukua slaidi za damu kwa wajawazito na watoto wenye homa isiyo ya malaria.